Mashuka ya Mzee Ishengoma

Shamba la mkonge, Kimamba
14 Januari 1951

Dada yangu Penina,

Mimi mzima. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kivulini mwa ukuta wa hospitali ya shamba, na penseli yangu ni fupi kama kidole gumba. Leo Jumapili, hatufanyi kazi. Ninyi je? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mvua ya Desemba ilinyesha vizuri kibanjani, kwenye migomba yetu? Mwambie mama koti alilonifungia bado lipo ndani ya sanduku. Huku hakuna baridi ya kulivalia. Nalitoa tu siku moja moja nalinusa, bado lina moshi wa jikoni kwetu.

Huu mwaka wa pili sijala ndizi zilizofunikwa kwa majani chunguni zikaiva taratibu. Hapa ndizi ni za watoto, wanamenya na kula zikiwa mbivu. Nilipomwambia mwenzangu Saburi kwamba kwetu ndizi ndicho chakula, alicheka akasema, "Na ugali je, mnaumenya?" Ni mzee mwema, lakini mdomo wake! Kihaya hakuna anayekijua hapa tangu yule mtu wa Kamachumu aondoke. Nakisema peke yangu nikiwa kazini, watu wananiona kama mgonjwa wa kichwa.

Sasa nieleze habari ya mashuka. Mtu huyo wa Kamachumu alimaliza mkataba wake Novemba, nikampa mashuka mawili meupe ayalete. Mzee Ishengoma alisema mbuzi ameshapokea na pombe ameshakunywa, kilichobaki ni mashuka meupe ya kitanda cha mkewe, na yakifika ndipo atapanga siku ya ndoa yangu na binti yake Alistidia. Je, yalifika? Alisema siku gani? Mkataba wangu unakwisha tarehe 30 Septemba, nataka nijue ninarudi kwenye nini.

Na jambo moja dogo. Alistidia bado anacheka mpaka anashika ukuta? Nijibu wewe, usimwambie kwamba nimeuliza.

Ndimi mdogo wako,
Gamaliel Mutalemwa


Muleba
18 Februari 1951

Mdogo wangu Gamaliel,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na mama anakusalimu, na watoto wangu wanakusalimu, hata yule wa mwisho asiyekujua. Mguu wa mama unakwenda vizuri asubuhi, jioni unavimba. Mvua tulipata. Migomba ya upande wa chini imeingiliwa na wadudu, tumeng'oa sita. Ng'ombe wa jirani amezaa.

Mashuka yalifika sikukuu ya Kuzaliwa. Meupe, waitu, jamani! Mama aliyafungua akayafunga tena haraka, akasema macho yetu yatayachafua. Sasa nisikilize, wala usikasirike. Unajua mama hawezi kupeleka kitu kwa wakwe kikiwa wazi mkononi kama mtu anayetoka dukani. Alikata majani mabichi ya mgomba, mazuri, makubwa, hakuyapitisha hata motoni, akayafunga mashuka vizuri na kamba ya mgomba juu. Tukayapeleka yakiwa yamependeza kweli. Ishengoma akafurahi, akayaweka juu ya kabati bila kufungua, anangoja wageni wa Mwaka Mpya.

Utomvu ulitoka kwenye mashina ya yale majani ukaingia. Siku ile ya kukata hauonekani, ni kama maji. Baada ya siku nane ndipo akayafungua mbele ya wageni wake.

Yalirudishwa siku hiyohiyo. Ishengoma alikuja nayo mwenyewe, akasimama uani, hakutaka kukaa. Akasema, "Niliomba mashuka, mmeniletea ngozi ya chui." Mama akayapokea kwa mikono miwili.

Mimi niliyafua kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kama tunavyofua siku zote, nikayachemsha. Madoa yaliyokuwa ya kahawia yakawa meusi. Ishengoma anasema yawe meupe kabla kahawa ya mwaka huu haijakauka. Yasipokuwa meupe ni kama hukuleta kitu, naye atamsikiliza mtu mwingine. Yuko kijana wa Kemondo anayesimamia watu wa kupakia mizigo bandarini, mwenye baiskeli, amepita hapa mara mbili kuuliza njia ambayo anaijua.

Wewe ni karani wa hospitali. Hospitali ina mashuka mengi na madobi. Waulize.

Kuhusu kucheka: anacheka.

Dada yako,
Penina


Kimamba
16 Machi 1951

Dada Penina,

Barua yako ilinifikia Jumanne, ilichukua wiki tatu na nusu, sijui ililala Mwanza au Tabora. Nashukuru mko hai. Mwambie mama asilie. Najua analia, hukuandika lakini najua. Angewezaje kupeleka kitu kitupu kwa wakwe? Mimi ningekuwepo ningemkatia majani mwenyewe.

Nimemweleza Saburi, ambaye ni dobi hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani ndizi imechafua shuka, dada yako akaifua ndizi kwa majivu ya ndizi? Ninyi Wahaya mnakula ndizi, mnakunywa ndizi, mnaezekea ndizi, sasa mmeamua kulalia ndizi." Akacheka mpaka akakohoa. Lakini baada ya hapo alikaa akafikiri vizuri.

Saburi anasema hivi. Majivu ni adui wa utomvu, na moto ni adui mkubwa zaidi. Ukichemsha unaupika ndani ya uzi. Usichemshe tena. Chukua mafuta ya taa, lowesha kitambaa, kandamiza doa kwa chini na kwa juu, usisugue kwa nguvu kwani utalitandaza likue. Acha kwa muda wa kumenya chungu kimoja cha ndizi. Kisha sabuni ya mche na maji baridi. Maji ya kisimani, yale yanayouma vidole. Rudia mara tatu kwa siku tatu. Halafu andika ulichoona: doa limekuwa rangi gani, na pembeni limefanya ukingo au limetawanyika? Ni muhimu ujue ukingo.

Mimi nimechoka tu, si ugonjwa. Jua la hapa halina huruma na mtu. Jana nilisikia mtu anaimba njiani nikafikiri ni Kihaya, nikatoka mbio na mikono imelowa. Ilikuwa lugha nyingine.

Huyo mwenye baiskeli, baiskeli yake ni ya aina gani?

Gamaliel


Muleba
22 Aprili 1951

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu, senene wameruka wiki hii, tumewakamata na kuwala. Mama amekukaushia kopo zima, ameliweka juu ya dari, anampiga kofi kila anayelitazama. Mguu wake uko vilevile. Yule ndama alikufa.

Tulifanya alivyosema huyo dobi wenu. Madoa meusi yamekuwa ya kahawia, rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukingo upo, mwembamba, mweusi kuliko katikati. Mama alifurahi mpaka akataka kuyapeleka hivyohivyo, nikamzuia. Lakini nimefanya kosa jingine, waitu, niseme tu. Mvua hazikatiki. Siku jua lilipotoka nilikimbia kuyaanika kwenye kamba kibanjani, kati ya mgomba na mgomba, mahali tunapoanika siku zote. Asubuhi ile mama alikuwa amekata majani ya kufunikia chungu. Shuka moja limepata matone mapya manne. Nilikaa chini kwenye tope nikacheka, halafu sikucheka tena.

Sasa kuna jambo lingine, nalo ni kubwa. Ishengoma amesema kwa kuwa mkwe wake ni karani wa hospitali, na mpwa wake Aristides amemaliza shule, ni vizuri Aristides aje kwako umwingize kazi ya ukarani. Kila Jumapili baada ya ibada anawaambia watu pale uani kanisani, "Mkwe wangu Kimamba ana meza yake." Aristides atapanda meli mwezi wa saba, baada ya mavuno. Wameshamshonea suruali.

Mama anafurahi. Anasema ukiwa na mtu wa nyumbani huko hutakuwa mpweke.

Andika upesi kuhusu haya matone manne.

Penina


Kimamba
20 Mei 1951

Dada yangu Penina,

Salamu kwa mama, kwa watoto, kwa wote. Leo sina salamu ndefu, nitazimaliza mwishoni nikiwa na nguvu.

Mzuieni Aristides. Sina meza.

Mimi ndiye dobi. Tulikuwa wawili, mimi na Saburi, naye ameachishwa mwezi uliopita kwa sababu ya kifua, kwa hiyo sasa niko peke yangu. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nakata mkonge, mwiba ukaniingia karibu na jicho, nikalazwa hospitali ya shamba siku kumi na moja. Nilipopona walitaka mtu wa kufua, nikasema mimi. Niliwaandikia kwamba nimepata kazi hospitali, ndani, si shambani tena. Hayo ni kweli, nilifurahi siku ile. Neno karani sikuliandika mimi. Mama ndiye aliyelisema kwa majirani, nawe ukaniandikia kwamba watu wanasema hivyo. Nilipaswa kujibu hapana. Nilikaa na penseli, nikaona jinsi mama atakavyokuwa anatembea akitoka kanisani, nikaandika habari za mvua. Halafu Ishengoma akakubali mbuzi. Baada ya hapo ningesemaje?

Kazi yenyewe ni hii. Mashuka sitini kwa siku, siku nyingine themanini. Wakata mkonge wanachomwa, wanaoza vidole, wanaharisha. Damu naiweka kwenye maji baridi na chumvi. Usaha nauloweka kwanza peke yake. Dawa ile ya vidonda, ya rangi ya kutu, ni mbaya kuliko zote. Mapipa mawili yanachemka tangu alfajiri. Unga wa klorini umenila ngozi kati ya vidole, na kucha mbili hazioti tena. Nikishika ugali unaniwasha. Wanaume wenzangu wa shambani wakipita wananiita mama. Nimezoea. Yaani nimezoea kusikia, si kwamba haliumi.

Basi sasa nikueleze kwa kinywa changu, si cha Saburi, ingawa mafuta ya taa yalikuwa yake.

Matone manne mapya, yatoe kwanza, bado ni mepesi. Mafuta ya taa, sabuni, maji baridi. Kisha kamua ndimu au limau, changanya na chumvi mpaka iwe uji mzito, paka juu ya kila doa, hasa kwenye ukingo, kwa sababu ukingo ndio unaobaki na kumwonyesha mtu pa kutazama. Usianike kibanjani kamwe. Chukua mashuka uende rweya, uwandani kwenye majani mafupi, mbali na mgomba wowote, uyalaze chini yakiwa yamelowa. Kaa hapo. Yakikauka yanyunyizie maji, yageuze. Jua na maji na majani mabichi vinafanya kazi pamoja, sijui kwa nini, lakini nimeona. Jioni suuza. Kesho tena ndimu na chumvi. Wiki mbili, hata tatu. Mwisho tia bluu kidogo sana kwenye maji ya kusuuzia, ncha ya kidole tu. Ukizidisha, Ishengoma atasema umempa anga.

Wakati mwingine nikiyatandaza mashuka hapa uani nayaona yote meupe mpaka mwisho wa ukuta, nasema hivi ndivyo kahawa inavyochanua kwetu. Nakaa nayatazama kidogo. Halafu mtu wa wodini anaita.

Mambo ya Alistidia sijui niseme nini. Tangu nilipoondoka nimemfikiria kila siku, hata siku za homa. Nilimwona mara ya mwisho anapandisha kilima na mtungi, akageuka, akajifanya anatazama mvua. Usimsomee haya. Mwambie tu mwenyewe, kwa maneno yako, kwamba mimi si karani, na kwamba akimtaka mwenye baiskeli sitasema kitu.

Nasalimu wote. Mama umwambie polepole.

Gamaliel


Muleba
8 Julai 1951

Mdogo wangu Gamaliel,

Mama mzima, amekula, amelala mchana. Kahawa tumechuma, iko kwenye mikeka. Aristides hakuondoka. Suruali anaivaa kwenda nayo kisimani.

Sasa na mimi nina la kusema. Mimi nasoma kitabu cha nyimbo na nasoma maandishi ya chapa. Mwandiko wako wa penseli, umelowa, maneno yamelalia maneno, siuwezi. Tangu barua ya kwanza kabisa Alistidia ndiye anayenisomea. Anafundisha watoto wa Jumapili, anasoma vizuri, nyumba yao iko karibu, na yeye alitaka. Niliona ukijua hutaandika kitu. Ulipouliza kama bado anacheka mpaka anashika ukuta, alisoma kwa sauti, akashika ukuta.

Ile ya Mei aliisoma tukiwa rweya, mashuka yamelala mbele yetu, maana baada ya yale matone niliacha kuyaanika kibanjani. Alipofika "mimi ndiye dobi" aliiweka barua chini. Akainuka, akaenda akageuza mashuka yote mawili, akayanyoosha, akarudi akakaa, akasoma mpaka mwisho. Pale ulipoandika nisimsomee, alipasoma pia. Nikamwuliza, "Mwanangu, unasemaje?" Akasema, "Mwambie nina hasira. Mwaka mzima nasoma 'Saburi anasema, Saburi anasema'. Nilikuwa nimeanza kumpenda Saburi." Halafu akalia, lakini kidogo.

Tulikaa rweya siku kumi na saba. Yeye alikamua ndimu, mimi nikatia chumvi. Tulifukuza mbuzi wa watu. Madoa yamekwisha. Nasema kweli, moja tu kwenye kona ukilijua unaliona, usipolijua hulioni.

Tulipoyapeleka, Ishengoma aliyatoa nje juani, akayapitisha mkononi pindo kwa pindo. Akasema, "Haya ni mengine." Alistidia akamwambia baba yake, "Ni yaleyale, Tata. Kona hii hapa." Akatazama. "Nani ameyafua?"

"Mkwe wako. Kwa barua."

"Karani anajuaje mambo haya?"

"Si karani, Tata. Ni dobi. Anafua mashuka sitini kwa siku."

Ishengoma alikunja shuka, akalikunja vizuri sana, akaingia ndani. Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani. Leo amekuja kwetu. Safari hii alikaa. Hakusema neno baya juu ya kufua. Alisema, "Mimi nimesimama pale uani kanisani mwaka mzima nikisema habari ya meza. Watoto wananiita Mzee Meza. Basi aje yeye, asimame palepale, awaambie watu walewale kazi anayofanya. Akifanya hivyo, siku ya ndoa naipanga palepale."

Mama akamwuliza kama unaweza kuandika barua isomwe mbele ya watu. Akasema, "Barua haina uso. Aje."

Nijibu.

Penina


Kimamba
5 Agosti 1951

Dada,

Nimepata. Mama aendelee kupumzisha mguu.

Sijui kama naweza. Wewe unawajua watu wale. Mtu akiteleza kwenye tope mlangoni mwa kanisa wanamcheka mpaka mavuno mengine. Wanaume wa pale wengine nilisoma nao, walinishinda darasani, niliacha shule wakiwa wananiona. Nisimame niseme nafua damu na mavi ya watu? Mbele ya mama?

Hapa msimamizi ameniita, anataka niweke kidole kwenye mkataba mwingine wa miaka miwili. Anasema hajapata dobi kama mimi. Nimemwambia nitafikiri. Hapa hakuna anayenijua, Penina. Wananiita mama lakini hawanijui.

Nasikia aibu kwamba yeye alisoma barua zote. Nimezikumbuka moja moja, nimelala chini juu ya majani nikifunika uso. Lakini tangu nijue, nikiandika nasikia sauti yake inayasoma maneno. Hata sasa. Sijui niongeze nini.

G.


Muleba
2 Septemba 1951

Gamaliel,

Sote wazima.

Yule wa Kemondo alileta pombe ya ndizi vibuyu vinne na watu wawili wa kumsemea. Ishengoma aliionja, akamwambia kuna mtu yeye amempa nafasi kabla yake mpaka Jumapili ya tarehe 14 Oktoba, hawezi kuivunja. Baada ya hapo aje. Kwa hiyo ni hivyo. Tarehe 14, baada ya ibada. Si mimi niliyepanga.

Mama anasema usiweke kidole. Hayo tu ndiyo aliyosema, akaenda kumenya ndizi, akajikata.

Hapa chini anaandika Alistidia mwenyewe.

*Mimi ndimi ninayesoma. Sikutaka kujibu kwa sababu barua si zangu. Lakini umeniuliza jambo kwa kupitia kwa dada yako, nami nakujibu: baiskeli sijaitaka, na sikukubali posa kwa sababu ya meza. Nilikubali kwa sababu siku ile ya mtungi mvua haikuwepo, nawe ulilijua hilo, hukunicheka. Baba ana haki ya kudai anachodai. Watu watacheka, sitakudanganya. Mimi nitakuwa mstari wa mbele upande wa wanawake, na sitacheka. Ukiweka kidole huko, nijulishe kwa barua yako mwenyewe, nisimsomee mtu.*


Bandari ya Mwanza
8 Oktoba 1951

Dada yangu Penina, na wewe unayesoma,

Nimefika Mwanza jana kwa gari moshi, siku tatu na miguu imevimba. Sikuweka kidole. Msimamizi alisema nitajuta, akanipa mche mmoja wa sabuni. Saburi nilimwona Kilosa nikipita, amekonda, anauza maandazi stesheni. Nilimwambia nakwenda kusimama mbele ya kanisa. Akasema, "Simama upande wenye upepo, wasisikie vizuri." Halafu akanishika mkono kwa muda mrefu, akatazama vidole.

Meli ya leo imejaa, hata sitaha ya chini hakuna pa kuweka mguu. Nitapanda ya keshokutwa, Jumatano. Alhamisi niko Bukoba, na kutoka hapo hata nikikosa lori nitatembea, Jumamosi nitakuwa nyumbani. Mwambie mama asipike mapema, kisha apike kingi.

Ziwa lipo. Nilipoliona nilikaa chini. Ni maji yaleyale yanayofika kwetu, nimeyanywa mengi mno kwa siku moja.

Sasa nieleze jambo la asubuhi hii. Nilikuwa nimesimama mwisho wa gati nikijaribu maneno. Nilisema kwa sauti kubwa, kama nitakavyosema Jumapili, kwa Kihaya kwanza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya mwalimu wa kanisa ambaye si Mhaya: "Ndugu zangu, mimi Gamaliel Mutalemwa. Mlisikia mimi ni karani. Mimi ni dobi. Nafua mashuka, nafua nguo, natoa madoa ya kila aina." Nilirudia mara tatu. Mara ya kwanza niliishia kwenye neno karani. Ya tatu haikuwa mbaya.

Nikasikia nyuma yangu mtu anauliza, "Na wino unatoa?"

Nikageuka. Kijana amevaa shati jeupe na kaptula iliyopigwa pasi, sanduku mkononi. Kalamu imemvujia kwenye mfuko wa kushoto, doa kubwa kama yai. Alidhani natafuta wateja. Akasema anaitwa Rugambwa, anakwenda Muleba kuanza ukarani, kesho anaripoti kwa mkubwa wake, na atafikaje hivi? Karani wa kweli, Penina! Alikuwa karibu kulia.

Nilicheka. Sijacheka hivyo tangu nilipokwenda Kimamba. Nikamwambia vua.

Nilitafuta mwanamke anayeuza maziwa yaliyoganda, nikaloweka doa humo kabla halijakauka, nikayabadilisha maziwa mara mbili yalipogeuka bluu. Kisha ndimu. Kisha mche wa sabuni wa msimamizi, ukingoni mwa ziwa, juu ya jiwe safi, polepole. Watu wa bandarini walikusanyika kutazama. Mmoja akasema huyu ni fundi. Mwingine akaleta kanzu yake. Sikuona haya, sijui kwa nini, nilikuwa nashughulika.

Meli yake imepiga honi sasa hivi na shati halijakauka. Amelivaa hivyohivyo, linamshika mgongoni. Yeye ndiye anayekuleteeni barua hii, ameahidi ataipeleka nyumbani kwenu kabla ya kwenda kokote. Mpeni ndizi. Halafu mtazameni mfuko wa kushoto.

Gamaliel, dobi